Vipuri Bandia vya Kielektroniki: Namna Fundi na Mteja wa Lizaboni Wanavyoweza Kujikinga

Na Mwandishi Wetu, Songea

Katika Kata ya Lizaboni, Manispaa ya Songea, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za mijini, redio, sabufa, king'amuzi au inveta ikiharibika haitupwi. Hupelekwa kwa fundi, ikafunguliwa, kipuri kilichoungua kikatolewa na kingine kikawekwa mahali pake. Kazi hiyo huokoa fedha za kaya na huwapatia vijana ajira. Hata hivyo, mafanikio yake yanategemea jambo moja lililo nje ya mikono ya fundi: kipuri anachokinunua kiwe kweli kile kilichoandikwa juu yake.

Kipuri kikiwa bandia, ustadi wa fundi haumsaidii. Atalehemu vizuri, atapima, atamkabidhi mteja chombo kikiwa kinafanya kazi, na baada ya wiki mbili mteja atarudi akiwa amekasirika. Mwenye kiwanda hayupo, muuzaji wa jumla hayupo, aliyebandika chapa ya uongo hajulikani. Aliyepo ni fundi, na jina linaloharibika ni lake.

Makala haya yanaeleza vipuri bandia ni nini, vinatoka wapi, vinatambuliwaje kwa zana ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzipata, na sheria na taasisi za nchi zinamlinda vipi mnunuzi.

Kwa nini suala hili linaihusu Songea

Songea ipo zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya bidhaa za kielektroniki huingilia nchini na kusambazwa kupitia maduka ya Kariakoo. Kipuri kinachofika Lizaboni kimepita mikono mingi: mwagizaji, muuzaji wa jumla, msafirishaji, muuzaji wa rejareja na pengine mchuuzi. Kila mkono unaoongezeka ni nafasi moja zaidi ya bidhaa bandia kuchanganywa na halisi, na ni hatua moja zaidi ya kumpoteza aliyeianzisha. Mnunuzi wa Kariakoo anaweza kurudi dukani siku ileile. Wa Songea hupiga hesabu ya nauli, akaacha.

Matumizi ya umeme nayo yamebadilika. Hadi mwaka 2018 Manispaa ya Songea ilitegemea kwa kiasi kikubwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo mji uliunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takriban kilomita 250, iliyojengwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Serikali ya Sweden. Umeme wa uhakika zaidi umeleta majokofu, televisheni, mashine za kuchomelea na vifaa vya saluni. Katika vijiji ambavyo bado vinatumia nishati ya jua, paneli, betri na inveta ndizo zinazowasha taa na kuchaji simu. Vifaa vikiongezeka, mahitaji ya vipuri huongezeka pia, na mwenye kutafuta faida ya haramu huyafuata mahitaji hayo.

Maana ya kipuri bandia

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni kipuri cha mtumba. Hiki kimetolewa katika bodi ya zamani na kinauzwa kwa kutajwa kuwa kimetumika. Kinaweza kuwa kizuri, na mafundi wengi hukitegemea kwa sababu kilitengenezwa na kiwanda halisi. Hakuna udanganyifu hapo, maadamu mnunuzi ameambiwa ukweli.

La pili ni kipuri mbadala. Hiki kimetengenezwa na kiwanda kingine, kwa jina la kiwanda hicho, kwa ajili ya kufanya kazi ileile. Ubora wake unaweza kuwa wa juu au wa chini, lakini hakijidai kuwa kitu kingine.

La tatu ndilo bandia lenyewe: kipuri kinachosema uongo kuhusu mtengenezaji wake, umri wake au uwezo wake. Huenda kimetumika kisha kikasafishwa na kuandikwa upya kana kwamba ni kipya. Huenda ni cha uwezo mdogo kilichoandikwa namba ya kipuri cha uwezo mkubwa. Huenda kilikataliwa kiwandani baada ya kushindwa vipimo, kikaibwa badala ya kuharibiwa. Huenda ni ganda tupu lisilo na kitu ndani. Au kipuri chenyewe kinafanana na halisi, ila hati zake za ubora zimeghushiwa.

Kwa hiyo ubandia hautokani na bei ndogo wala na nchi kilikotoka. Unatokana na uongo ulioandikwa juu ya kipuri. Tofauti hii ina faida ya vitendo, kwani humwezesha fundi kuuza na kutumia mtumba bila aibu, mradi autaje kuwa ni mtumba.

Tatizo la dunia nzima

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, na ofisi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia haki miliki, iliyotolewa mwaka 2021, ilikadiria kuwa bidhaa bandia za kila aina zilifikia hadi asilimia 2.5 ya biashara ya dunia mwaka 2019, sawa na dola za Marekani bilioni 464.

Vipuri vya kielektroniki ni sehemu ya biashara hiyo, na hata mataifa yenye maabara kubwa yameumizwa nayo. Mwezi Mei 2012, kamati ya Seneti ya Marekani inayosimamia masuala ya majeshi ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu miaka ya 2009 na 2010. Ilibaini takriban matukio 1,800 ya vipuri vilivyoshukiwa kuwa bandia katika mnyororo wa ugavi wa vifaa vya ulinzi, jumla ya vipuri zaidi ya milioni moja, vikiwemo vilivyofika hadi kwenye ndege. Uchunguzi huo ulieleza jinsi bodi za kompyuta zilizotupwa zilivyochambuliwa, vipuri vikang'olewa, vikaoshwa, maandishi ya zamani yakasuguliwa na mapya yakachapwa.

Tukio jingine linafaa kukumbukwa. Oktoba 2014, kampuni ya FTDI ya Scotland, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na kompyuta, ilisambaza programu mpya ya kuendeshea chipu zake. Programu hiyo iliwezesha kompyuta kuzibaini chipu zilizoiga za kampuni hiyo na kuzifanya zisitambulike tena. Waliopata hasara hawakuwa waghushi, bali watu walionunua vifaa dukani bila kujua kilichomo ndani. Baada ya malalamiko, programu hiyo iliondolewa.

Afrika Mashariki ilipata somo kama hilo kupitia simu. Kenya ilizizima simu bandia zaidi ya milioni moja kuanzia usiku wa kuamkia Oktoba 1, 2012. Tanzania nayo, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliziondoa simu bandia katika mitandao usiku wa kuamkia Juni 17, 2016, baada ya miezi kadhaa ya kuelimisha umma. Wananchi walielekezwa kubonyeza *#06# ili kupata namba tambulishi ya simu yenye tarakimu 15, kisha kuituma kwenda 15090 ili kuhakiki. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa usalama wa mawasiliano, na ilidhihirisha jambo moja: hasara ya bidhaa bandia humwangukia mtu wa mwisho katika mnyororo. Kwa vipuri, mtu huyo ni fundi wa mtaani na mteja wake.

Viwanda hujikinga vipi

Watengenezaji wa vifaa nyeti wamejiwekea taratibu zilizoandikwa. Kiwango kinachojulikana kama AS5553, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, kinawaelekeza watengenezaji namna ya kuzuia, kubaini na kushughulikia vipuri bandia. Kiwango cha AS6081 cha mwaka 2012 kinawahusu wasambazaji. Maudhui yake ya msingi yanaweza kuelezwa kwa hatua sita.

Kwanza, kununua kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa msambazaji aliyeidhinishwa naye. Pili, kutunza kumbukumbu ya kila shehena: imenunuliwa wapi, lini, ina namba gani ya toleo. Tatu, kukagua kabla ya kutumia, kwa macho, kwa vipimo vya umeme, kwa mionzi ya eksirei na, inapobidi, kwa kufungua kipuri kimoja ili kuona kilichomo ndani. Nne, kukitenga kipuri kinachotiliwa shaka kisichanganyike na vingine. Tano, kutokukirudisha kwa muuzaji, kwa kuwa kikirudi sokoni kitamdhuru mwingine, bali kutoa taarifa. Sita, kuharibu kabisa vipuri vilivyokataliwa na bodi zilizokufa, ili zisiwe malighafi ya waghushi.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayohitaji mtaji mkubwa, isipokuwa eksirei. Nyingine zote zinaweza kutekelezwa katika kibanda cha Lizaboni kwa daftari, mizani, multimita na uvumilivu.

Vipimo ambavyo fundi anaweza kuvifanya

Macho na mguso. Chunguza maandishi kwa lenzi ya kukuzia. Vipuri vya shehena moja vinapaswa kufanana kwa aina ya herufi, rangi na mpangilio. Miguu ya kipuri kipya huwa imenyooka na kung'aa kwa usawa. Mikwaruzo, mabaki ya risasi ya kulehemu au miguu iliyofupishwa huonyesha kuwa kimewahi kutumika. Kwa chipu na transista zenye ganda jeusi, lowesha pamba kwa asetoni na usugue juu ya maandishi. Pamba ikitoka na rangi nyeusi, na chini yake pakaonekana mikwaruzo au herufi za zamani, kipuri hicho kimepakwa upya.

Kapasita. Udanganyifu wa kawaida ni kuweka kapasita ndogo ndani ya kopo kubwa. Kapasita ya kopo kwa kawaida huruhusiwa kutofautiana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 20 juu au chini. Kwa hiyo iliyoandikwa mikrofaradi 4,700 inapaswa kusoma kati ya 3,760 na 5,640. Ikisoma 2,200, jibu limepatikana. Linganisha pia uzito wake na wa nyingine ya ukubwa uleule uliyotoa katika chombo halisi. Multimita haionyeshi kama kapasita itahimili volti zilizoandikwa, hivyo kuisoma thamani yake pekee hakutoshi. Iliyopita hapo nayo ichajiwe polepole kupitia resista, volti zikipandishwa kidogo kidogo, fundi akiwa amevaa miwani ya kinga.

Transista za nguvu. Katika vikuza sauti, jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 hughushiwa sana. Zilizo halisi zimekadiriwa kuhimili volti 230, ampia 15 na wati 150. Vivyo hivyo 2N3055, transista ya kopo la chuma yenye historia ya tangu miaka ya 1960, iliyokadiriwa ampia 15. Ndani ya transista bandia kipande cha silikoni huwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Multimita huipitisha, chombo huwaka, na sauti hutoka vizuri ikiwa ya chini. Sauti ikipandishwa, silikoni haiwezi kuubeba mkondo, ikaungua na mara nyingi ikaunguza spika pamoja nayo. Fundi anayenunua nyingi kwa pamoja anaweza kuitoa kafara moja: kulikata kopo la 2N3055 kwa msumeno wa chuma na kulinganisha kipande cha ndani na cha transista iliyoungua kutoka chombo cha asili.

Balbu ya kinga. Kabla ya kukiunganisha chombo moja kwa moja na umeme, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na waya wa umeme unaoingia. Kipuri kikiwa na hitilafu, balbu itawaka kwa nguvu na kuubeba mkondo badala ya bodi kuungua. Zana hii ni ya gharama ndogo, nayo huokoa vipuri vingine visiangamie kwa kosa la kimoja.

Betri za lithiamu. Seli za umbo la silinda zinazojulikana kama 18650, zinazotumika katika tochi, pawabenki na spika ndogo, huuzwa zikiwa zimeandikwa hata mAh 9,900. Seli halisi za ukubwa huo zinazopatikana kwa kawaida huishia karibu mAh 3,500, na uzito wake hukaribia gramu 45. Iliyo nyepesi sana ni ya kushukiwa. Mizani ndogo ya dukani inatosha kwa kipimo hiki. Seli hizo kamwe zisipasuliwe, kwani huweza kulipuka moto.

Paneli za jua. Mwanga mkali wa jua huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kiasi cha asilimia 20 hivi kuwa umeme. Hivyo mita moja ya mraba hutoa takriban wati 200. Mnunuzi anaweza kupima urefu na upana kwa futikamba na kuzidisha. Paneli ya sentimita 100 kwa 67 ina eneo la mita za mraba 0.67, sawa na wati 130 hivi. Ikiwa imeandikwa wati 250, maandishi hayo si ya kweli, awe nani aliyeyachapa.

Nyaya. Waya ulioandikwa kuwa ni wa shaba unaweza kuwa wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua kwa kisu. Ndani pakiwa na weupe, si shaba. Uzito pia husema: shaba iliyomo katika mita 100 za waya wa milimita za mraba 2.5 inapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 2.2, bila kuhesabu plastiki, na ukinzani wake uwe karibu omu 0.74. Waya mwembamba au wa alumini uliowekwa mahali pa shaba hupata joto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona mpaka moto uwake. Kazi ya nyaya za nyumba ifanywe na fundi umeme mwenye leseni inayotolewa na EWURA.

Ikumbukwe kuwa vipimo hivi vyote vina mpaka. Kipimo kinaweza kumfichua bandia, lakini hakiwezi peke yake kuthibitisha kuwa kipuri ni halisi, kwa sababu kilichopita leo kinaweza kushindwa baada ya miezi mitatu ya kazi. Ndiyo maana viwanda huweka chanzo cha ununuzi mbele ya ukaguzi, na fundi anapaswa kufuata mpangilio huohuo.

Gharama ya unafuu

Hoja inayosikika mara nyingi ni kuwa wateja hawana uwezo wa kununua kipuri halisi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa hesabu. Tuseme kipuri halisi kinauzwa shilingi 6,000 na bandia shilingi 2,000, na ufundi ni shilingi 10,000. Kwa halisi mteja hulipa shilingi 16,000. Kwa bandia hulipa shilingi 12,000, akaona ameokoa shilingi 4,000. Kipuri bandia kikiungua mara moja tu na kazi ikarudiwa, gharama inafika shilingi 24,000. Swali linalobaki ni nani atakayelipa. Mteja akigoma, fundi amefanya kazi ya pili bure. Mteja akilipa, hatarudi tena.

Hesabu hiyo haijagusa spika iliyoungua, dawa zilizoharibika katika jokofu au godoro lililoshika moto kutokana na chaja. Unafuu wa kipuri bandia huonekana siku ya kununua tu.

Hata hivyo, umaskini wa mteja ni wa kweli na haupuuzwi kwa hesabu. Njia ya haki ni kumpa uchaguzi ulio wazi. Fundi amwambie mteja: kipya chenye chapa ni kiasi hiki, mbadala ni kiasi hiki, mtumba uliopimwa ni kiasi hiki. Mara nyingi mtumba uliopimwa utakuwa salama kuliko bandia inayong'aa, na bei yake itakuwa ndani ya uwezo wa mteja.

Sheria na taasisi

Tanzania ina vyombo kadhaa vinavyoshughulikia suala hili, kila kimoja kwa eneo lake.

Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayokataza kughushi alama za biashara na kuuza bidhaa zenye alama hizo. Maofisa wake wana mamlaka ya kukagua, kukamata na kusimamia uteketezaji wa bidhaa bandia.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975 na sasa likifanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, husimamia ubora. Tangu mwaka 2012 bidhaa zinazohusika huhakikiwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa, kwa utaratibu wa kupimwa ulinganifu wake na viwango. TCRA husimamia vifaa vya mawasiliano. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, husimamia taka za kielektroniki, ambazo zimewekewa kanuni zake mahususi za mwaka 2021.

Kwa mnunuzi, silaha ya kwanza ni risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi, EFD. Mbali na kuchangia mapato ya Serikali, risiti hiyo hutaja duka, tarehe na bidhaa, na hivyo huunganisha kipuri na aliyekiuza. Bila risiti, lalamiko hubaki kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mwingine. Mwananchi anayeshuku kuwa ameuziwa bandia anapaswa kuhifadhi kipuri, kifungashio na risiti, kisha kutoa taarifa FCC au TBS, au kupitia ofisi ya biashara ya Manispaa.

Hatua zinazoweza kuanza mtaani

Mafundi wa Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili, Majengo na kata nyingine za Manispaa wanaweza kuanza na mambo matano bila kusubiri maelekezo.

Mosi, kuwa na daftari la vipuri. Kila kipuri kinachonunuliwa kiandikwe tarehe, namba yake, duka na bei, na kila kinachorudi kikiwa kimeungua kiwekewe alama. Baada ya miezi sita daftari litaonyesha wazi ni duka lipi lina vipuri vinavyodumu.

Pili, kununua kwa pamoja. Fundi mmoja anayehitaji transista nne hawezi kuagiza kwa msambazaji aliyeidhinishwa. Mafundi 15 wanaohitaji 60 wanaweza kugawana gharama ya usafiri na kuipunguza mikono iliyo katikati. Kikundi kilichosajiliwa cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya vifaa vya kupimia.

Tatu, kumrudishia mteja kipuri kilichotolewa. Desturi hii hujenga uaminifu, kwa kuwa mteja huona kilichobadilishwa. Ikiwa kipuri hicho ni cha kutupwa, kivunjwe mbele yake.

Nne, kutouza bodi zilizokufa kwa wanunuzi wasiojulikana bila kuziharibu sehemu zinazoweza kuandikwa upya. Kipuri kilichokufa Lizaboni hakipaswi kurudi Lizaboni kikiwa kimevaa chapa mpya.

Tano, kuendeleza ujuzi. Chuo cha VETA mjini Songea na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ni mahali ambapo mafundi wanaweza kupata mafunzo na ushauri, pamoja na njia ya kurasimisha ujuzi walioupata kazini.

Umuhimu wa kujiandaa mapema

Afrika Mashariki inaingia taratibu katika utengenezaji na uunganishaji wa vifaa vya kielektroniki. Rwanda ilizindua kiwanda cha simu cha Mara Phones mjini Kigali mwaka 2019. Kenya ilizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River Oktoba 2023. Nchini Tanzania, kiwanda cha TANELEC cha Arusha kimetengeneza transfoma kwa miongo kadhaa. Viwanda vya aina hii huhitaji watu wanaojua kukagua vipuri vinavyoingia, kutunza kumbukumbu na kusema hapana kwa shehena yenye mashaka hata kama kazi imesimama.

Ujuzi huo haufundishwi siku ya kuajiriwa. Kijana anayejizoeza leo kupima kapasita kabla ya kuilehemu, na kuandika alikoinunua, anafanya kazi ileile inayofanywa na mkaguzi wa kiwanda kikubwa. Tofauti ni ukubwa wa meza.

Kwa mteja, wajibu ni mfupi zaidi: aulize kipuri kimetoka wapi, adai risiti, akubali kulipia ukweli. Wahenga walisema rahisi hugharimu. Fundi akiulizwa maswali hayo kila siku, naye atamuuliza muuzaji wake, na muuzaji atamuuliza aliyemletea. Maswali yakifika hadi kwa mwagizaji, mzigo wa hasara utaanza kumrudia anayestahili kuubeba.